Kung'oa Mibuni Yenye Mnyauko

Mnyauko fuzari ulibainika mkoani Kagera mwaka 1997, na mbuni wa robusta ulioupata hauponi. Majani hugeuka manjano na kupukutika. Gome likikwanguliwa, mti huonekana na weusi wa kibuluu. Wanachama wa Ngara na Biharamulo wanaouona wasiuburute kwenda jikoni kuwa kuni, maana magome yake hueneza kuvu njia nzima. Uchimbwe pamoja na mizizi, uchomwe papo hapo, na panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mbuni mwingine. Ni vigumu kumtaka mzee achome mti uliosomesha wanawe. Katibu amwendee mapema, amweleze kwamba kituo cha TaCRI Maruku kimezalisha aina za robusta zenye ukinzani.