Kuomba Radhi Si Kukiri Kosa

Mfa maji haishi kutapatapa. Methali hii ilinijia nilipomkaribisha ofisini mwangu mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyedaiwa kukutwa na mwakenya katika chumba cha mtihani. Barua ya chuo ilimtaka aeleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua. Usiku uo huo, bila ya kumshirikisha mtu, akaandika kwa Kiingereza cha woga kwamba anajuta na anaomba radhi. Siku ya kikao barua ile ikasomwa kama ungamo. Akasimamishwa masomo kwa mwaka mzima, na karatasi yenyewe hakuonyeshwa.

Mimi ni mwanaisimu, si wakili. Hata hivyo, najua kuwa kwetu kuomba radhi aghalabu ni adabu ya mdogo mbele ya mkubwa. Twasema "samahani" tunapomwuliza mpita njia saa, ilhali hatujamkosea lolote. Adabu hiyo ikivishwa Kiingereza na kutiwa katika faili, hugeuka kitanzi. Nami nakiri kwamba nimewahi kuketi upande ule wa meza, nikazisoma barua kama hizo kwa macho yale yale.

Simtetei mwizi wa mtihani, kwani huyo huwaibia wenziwe waliokesha wakisoma. Ninalodai ni kwamba hukumu itanguliwe na haki. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinamhakikishia kila mtu utaratibu wa haki katika maamuzi ya kiutawala, pamoja na sababu za maandishi uamuzi unapomdhuru. Sheria ya mwaka 2015 inayotekeleza kifungu hicho inataka mshtakiwa apewe ilani mapema, aelezwe ushahidi utakaotumiwa, asikilizwe, na awahoji wanaotoa ushahidi dhidi yake. Aidha, inamruhusu kuhudhuria kikao akiandamana na mtaalamu amtakaye, na kuomba kiahirishwe panapohitajika.

Basi wewe mwanafunzi, ukipokea barua ya namna hiyo, usiijibu peke yako wala usiijibu usiku. Mwendee mwalimu unayemwamini, mshauri wa wanafunzi, au wakili ukimudu. Omba nakala ya ushahidi, kisha andika yaliyotokea, si unayodhani wakubwa watapenda kusoma. Hukumu ikitoka, angalia siku za rufaa, kwa kuwa kwa kawaida mahakama hukutaka umalize kwanza ngazi za chuoni.

Nasi walimu, tusimfukuze mlangoni eti tutachafuka. Kumsaidia mtu kusoma barua si kushirikiana naye katika kosa.

Mwanafunzi wangu alinifikia zikiwa zimesalia siku mbili za kukata rufaa. Tuliketi hadi magharibi tukiiandika, mara hii bila neno "radhi". Jibu tungali tunalingojea.