Je, Wajua? Silabi za Kiingereza

Je, wajua kwamba neno strengths lina herufi 9 na silabi 1 tu, ilhali area, lenye herufi 4, lina silabi 3? Katika Kiingereza, cha kuhesabu ni irabu inayosikika, si iliyoandikwa. Wednesday nayo ni silabi 2.

Je, wajua kwamba -ed ya wakati uliopita huongeza silabi pale tu kitenzi kinapoishia na sauti ya t au d? Want huwa want-ed, need huwa need-ed. Walked hubaki silabi 1, na mwishoni husikika t. Wengi wetu humalizia kwa “-ked”, maana Kiswahili kimetuzoesha kutamka kila irabu tunayoiona. Mazoea haya hurekebishika kwa kusoma kwa sauti.

Je, wajua kwamba silabi hukuonyesha tahajia? Super hugawanywa su-per: silabi ya kwanza imeachwa wazi, ndiyo maana u inavutwa. Supper ni sup-per: p imeifunga silabi, irabu ikawa fupi. Ndivyo ilivyo pia kwa ho-ly na hol-ly. Mwanafunzi akiisikia tofauti hiyo, mara nyingi hana haja ya kukariri wapi konsonanti ni moja na wapi ni mbili. Kwangu mimi, hili ndilo somo la kwanza kufundishwa, kabla ya orodha ndefu za imla.

Je, wajua kwamba mkazo huhamisha mpaka? Record ikiwa nomino ni rec-ord, ikiwa kitenzi ni re-cord.

Je, wajua kwamba kitabu cha Thomas Dilworth cha 1740 kiliwafunza watoto kugawa na-ti-on? Mwaka 1783 Noah Webster wa Marekani aliandika na-tion, akifuata matamshi.

Je, wajua kwamba hata kompyuta hutatizika? Mwaka 1983, katika tasnifu yake Stanford, Frank Liang alitumia ruwaza 4,447 kukata maneno mwishoni mwa mstari, zikapata takriban asilimia 89 ya sehemu halali.

Nukta zinazogawa neno kwenye kamusi huonyesha hasa mahali pa kulikata mstari unapoisha. Ukitaka kulitamka, msomaji, tazama maandishi ya matamshi yaliyo kando yake, na usiiache alama ya mkazo.