Maji Yetu Yanaenda kwa Nani?



Siku ya posho, tukiwa kwenye foleni ya kuchota maji, mama mmoja aliuliza: "Haya maji tunayolowekea mihogo, yakitoka hapa yanaenda wapi?" Wengine walicheka. Sisi tunaofundisha tulirudi nyumbani na swali hilo, na leo tunajibu kwa habari ya mto wa mbali, mto Pangani wa Tanzania.

Pangani unatoka kwenye milima ya Kilimanjaro na Meru, unasafiri karibu kilomita 500, kisha unaingia katika Bahari ya Hindi. Njiani kila mtu anauhitaji. Wakulima wanachimba mifereji ya kumwagilia mashamba, miji inakunywa, mabwawa yanatoa umeme. Kila mmoja anachukua sehemu yake, na mto unafika baharini umechoka.

Hapo bahari inapata njia. Maji ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 kwa lita. Bahari ikijaa, inasukuma kuingia mtoni. Mto wenye nguvu unaizuia, mto dhaifu unaiacha ipande. Huko Pangani chumvi imepanda ndani ya mto, na wanaoishi karibu na mdomo wake wameona hasara.

Chumvi hiyo inapimwa namna gani? Jaribuni kwanza na watoto nyumbani. Tieni yai bichi ndani ya glasi ya maji, litazama. Koroga humo vijiko kadhaa vya chumvi, yai litaelea, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito. Kwa hiyo bahari inaingia mtoni kwa chini, na juu maji yanaweza kubaki matamu. Ulimi peke yake unadanganywa. Wapimaji wanatumia chombo kinachopitisha umeme kidogo ndani ya maji: chumvi ikiwa nyingi, umeme unapita vizuri zaidi. Wanapima juu na chini, bahari ikijaa na ikipwa, mahali pale pale, na kila mara wanaandika. Kipimo cha siku moja hakitoshi. Vipimo vya miezi mingi ndivyo vinaonyesha kama hali inaharibika.

Hapa Kasugho bahari iko mbali sana, chumvi tunainunua sokoni. Lakini jambo moja linatugusa. Kule Pangani mwenye kuumia yuko chini, na wengi wanaochukua maji wako juu, hawaonani. Sisi wa milimani ndio watu wa juu. Sabuni yetu, maji ya mihogo, uchafu wa choo kilicho karibu na mto, vyote vinashuka. Kuna mama huko bondeni anayechota maji hayo kumpikia mtoto wake uji.

Chombo cha umeme hatuna, lakini macho, pua na daftari tunavyo. Tunaomba kila kikundi kichague mama mmoja. Kila juma, siku ile ile na mahali pale pale, ajaze chupa nyeupe na aandike: rangi ya maji, harufu, udongo uliotulia chini baada ya saa moja, kama mvua ilinyesha, na watoto wangapi waliharisha nyumbani mwetu juma hilo.

Mihogo tuiloweke ndani ya beseni au shimo mbali na mto, na maji yake tuyamwage kwenye udongo. Tunajua ni kazi zaidi, na mgongo ni wetu. Anayeona njia nyepesi atuambie kwenye mkutano.

Tusisahau: maji meupe yanaweza kubeba ugonjwa ambao daftari haliuoni. Ya kunywa tuyachemshe mpaka yatokote.

Kwenye mkutano ujao, kila kikundi kije na daftari lake. Tutasoma pamoja.