Pengo la Mkopo Lisiachiwe Mkulima

Kila mwaka, vyuo vikuu vinapokaribia kufunguliwa, wazazi wa Makwale wilayani Kyela, sawa na wenzao wa Unguja na Pemba, husubiri kwa hamu majina ya waliopewa mikopo. Aliyepata mkopo kamili hushukuru. Aliyepewa sehemu tu, mzazi wake huanza kuhesabu magunia ya mpunga na kilo za kakao.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na Zanzibar nayo inayo bodi yake. Taratibu zimebadilika mara kadhaa. Mwaka 2016 makato ya mdaiwa aliyeajiriwa yalipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Mwaka 2021 Serikali ikafuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Mabadiliko hayo yamejadiliwa sana, lakini wajibu wa vyuo vyenyewe haujajadiliwa vya kutosha.

Novemba 2008 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waligomea masomo wakidai mkopo wa asilimia 100. Chuo kikafungwa, nao wakarudishwa makwao. Sisi hatutetei migomo. Lakini kufunga chuo hakukumpunguzia mzazi mzigo hata kidogo.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Nchini Marekani, sheria ya Julai 2025 iliamua kwamba kuanzia Julai 1, 2026, waombaji wapya wa shahada za juu wasipewe tena ule mkopo wa serikali uliokuwa ukifikia gharama zote za masomo. Baadhi ya vyuo vya huko vilitangaza misaada kutoka mifuko yao.

Vyuo vyetu havina utajiri huo. Hata hivyo, vinaweza kupokea ada kwa awamu zinazolingana na mavuno ya mkulima, badala ya kumzuia mwanawe asifanye mtihani. Bodi nazo zitangaze majina mapema, ili mzazi ajue upungufu wake kabla hajauza mazao yote.

Tunawakumbusha viongozi kwamba wengi wa waliosoma kabla ya utaratibu wa kuchangia gharama wa miaka ya 1990 walisomeshwa kwa jasho la wakulima. Deni hilo nalo lilipwe.