Banda la gari Bukoba: unyevu unavyoikwepa dipisi

Ukanda wa magharibi wa Ziwa Victoria hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Huko Bukoba na Muleba, mvua nyingi huingia alfajiri ikitokea ziwani, na ukuta unaotazama mashariki hupigwa kwanza. Msonge wa Wahaya, wenyeji wa huko, ulikuwa na kinga yake: nyasi zilishuka mpaka chini, ukuta wa kulowa haukuwapo. Banda la gari la tofali za kuchoma halina bahati hiyo.

Hata hivyo, mvua inayopiga ukuta huonekana na huzuilika. Yenye hila ni maji ya ardhini. Hupanda kwenye vitundu vya tofali kama mafuta kwenye utambi, yakikauka yanaacha chumvi, rangi inafutuka na lipu inabanduka. Kinga yake ni dipisi, nailoni nzito inayotandazwa juu ya msingi, sentimita 15 au zaidi kutoka usawa wa ardhi, kabla ya kozi ya kwanza ya tofali. Vipande hupishana, visiachiane. Jamvi la zege la sakafu nalo hutandikiwa nailoni, ikaungana na ile ya ukutani.

Cha kushangaza, ukuta wenye dipisi nao hulowa. Fundi uashi mzoefu haanzi kwa kuvunja. Huinama kutazama lipu inapoishia. Mwenye nyumba hupenda ukuta laini juu hadi chini, basi lipu hushushwa mpaka kwenye udongo. Ukingo wa nailoni unafunikwa, maji yanapanda ndani ya lipu yenyewe, yanapita nje ya dipisi na kuingia tofali la juu yake. Kazi safi hukata lipu kwa mwiko juu kidogo ya mstari wa dipisi na kuacha ukingo wake wazi. Hauvutii macho, na pengine ndiyo sababu hupigwa lipu tena baadaye. Au moramu humwagwa ili gari lisikwame, uwanja unapanda, dipisi inazikwa. Fundi wakati huo ameshaondoka.

Mkoa wa Kagera, ilipo Bukoba, una swali jingine. Tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi za tofali. Nailoni huachanisha ukuta na msingi, na ardhi ikitikisika ukuta unaweza kuteleza hapo. Mkanda wa zege lenye nondo na dawa ya kuzuia maji hufanya kazi zote mbili, ila bei yake si ya nailoni. Kwa banda la gari tu, nani atakubali kuilipa?

Juu, kinachosumbua ni bati. Baridi ya Bukoba si ya kuvalisha kuta blanketi, lakini usiku bati hupoa, mvuke wa gari lililoingia na maji hugeuka matone chini yake na kudondoka. Siling bodi hupunguza. Matundu ya hewa, ya chini na ya juu, yenye wavu wa chuma, husaidia zaidi, mradi yasielekee ziwani.