320 ni Namba Tu: Jinsi ya Kuujua Ubora wa Sauti

Ukipita kwenye vibanda vya kurushia nyimbo, iwe Urambo, Tabora mjini au hapa jirani na chuo, utamkuta kijana na kompyuta yake anawajazia watu memori kadi na flashi. Ana singeli, ana kwaya, na kwa wazee ana zilipendwa za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids. Ukimuuliza kama nyimbo zake zina ubora, anakujibu fasta: "Hizi zote 320, usihofu." Hosteli nako ni yale yale, watu wanabishana mpaka usiku nani ana faili kali. Ukweli ni kwamba namba hiyo haisemi kile tunachodhani inasema. Na tusipolielewa hilo, kuna vitu tutavipoteza na havitarudi.

Sauti inavyogeuzwa kuwa namba

Sauti ni mtetemo wa hewa. Ili kuuingiza kwenye kompyuta, mashine inaupima mtetemo huo mara nyingi sana kwa sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Kwenye CD, vipimo ni 44,100 kila sekunde, kila kimoja kinaandikwa kwa biti 16, na kuna njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Zidisha mwenyewe: unapata biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani kilobiti 1,411. Wimbo wa dakika nne unakula kama MB 42. Nyimbo ishirini na nne tu, GB moja imekwisha. Kwa bando la mwanafunzi, hapo hakuna namna, lazima faili ipunguzwe.

Kukunja au kuacha

Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo kati ya Tabora na Bagamoyo kwa miguu. Mzigo ukiwa mkubwa kupita kiasi, una njia mbili. Ya kwanza ni kuukunja na kuufunga vizuri zaidi: ukifika, unaufungua na kila kitu kimo. Ya pili ni kuacha baadhi ya vitu nyumbani.

Faili za FLAC zinafuata njia ya kwanza. Mara nyingi zinapunguza ukubwa hadi kama nusu, na ukizifungua unapata namba zile zile, hata moja haikosi. MP3, AAC na Opus zinafuata njia ya pili: zinaacha vitu.

Zinajuaje cha kuacha? Zinatumia udhaifu wa sikio. Mtu akipiga ngoma kubwa karibu yako, humsikii anayenong'ona pembeni, japo sauti yake ipo. Wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer kule Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, walijenga MP3 juu ya jambo hilo: sauti inayofunikwa na nyingine inaandikwa kwa uzembe au inaachwa kabisa. Katika kupima kazi yao walitumia wimbo "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, kwa sababu ni sauti ya mtu mmoja bila ala, na kasoro ndogo haina pa kujificha.

Kwa MP3 ya kilobiti 128, wimbo wetu wa dakika nne unashuka hadi karibu MB 4. Kwa 320, ni karibu MB 10. Kwa hiyo 320 inaeleza ukubwa wa mzigo uliobebwa kila sekunde. Haielezi mzigo ulitoka wapi. Kijana wa kibandani anaweza kuchukua faili ya 128, akaigeuza kuwa 320 kwa kubofya mara moja. Ni sawa na kumimina debe moja la karanga kwenye gunia kubwa: gunia limekua, karanga ni zile zile. Tena hapa zinapungua kidogo, maana kila ugeuzaji unatupa vitu upya.

Kasoro zina sura zake

Sio kila sauti mbaya imeharibiwa na ugeuzaji. Mvumo wa "shhhh" unaoendelea chini ya wimbo wote mara nyingi ni wa tepu. Nyimbo nyingi za bendi zetu za zamani zilirekodiwa kwa tepu katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na mvumo huo ni sehemu ya rekodi yenyewe. Sauti inayopasuka kila mwimbaji akipandisha, hiyo imerekodiwa kwa nguvu kupita kiasi.

Kasoro ya ugeuzaji ni tofauti. Matoazi ya drams yanasikika kama maji yanayomwagika. Herufi "s" na "sh" zinakuwa na mlio wa bati. Na mapigo makali yanapoteza ncha. MP3 hukata wimbo vipande vya vipimo 1,152, kila kimoja kama sehemu 26 za elfu za sekunde. Pigo la ghafla likiangukia ndani ya kipande, makosa yanasambaa kipande kizima, hata kabla ya pigo lenyewe. Ndiyo maana wahandisi hupenda kujaribu kwa ala za kugonganisha na kutikisa. Sisi tunayo manyanga ya Wanyamwezi: yakisikika kama mchanga uliolowa, faili imebanwa mno.

Jaribu bila kuona

Macho yanadanganya masikio. Ukiona "320" utasikia uzuri hata usiokuwepo. Kwa hiyo fanya hivi. Chukua wimbo mmoja wa FLAC au WAV, utengeneze MP3 ya 128 kutoka humo humo. Mwenzako akuchezee moja baada ya nyingine mara kumi, akirusha shilingi kuamua ipi, wewe ukitaja unachosikia bila kuangalia skrini. Hakikisheni sauti ziko sawa kwa nguvu, maana yenye kelele zaidi siku zote huonekana nzuri zaidi. Ukipatia tano kati ya kumi, umebahatisha. Ukipatia tisa au zaidi, unasikia kweli: kubahatisha hivyo hutokea kama mara moja tu katika mia. Wengi tukifika kwenye MP3 nzuri ya 256 au 320 tunashindwa, na si aibu. Kwa kusikiliza kwenye daladala, inatosha kabisa.

Pale ambapo haitoshi

Kusikiliza ni jambo moja, kuhifadhi ni jingine. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel wa Berlin alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi zilizonaswa kwenye silinda za nta. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi, Wanyamwezi wakiwemo. Simu yako ina uwezo kuliko silinda ile. Tatizo ni tunavyoitumia.

Umekwenda likizo Urambo, bibi anaimba wimbo wa ngoma ambayo haichezwi tena. Unabonyeza kinasa cha WhatsApp, unatuma kwenye grupu la ukoo. Kinasa kile kimetengenezwa kwa maongezi. Kinabana sana, na programu za simu za kufuta kelele zinaweza kuyadhania manyanga kuwa kelele. Mwingine anauweka kwenye video, mwingine anaugeuza MP3. Baada ya miaka mitatu bibi hayupo, na kilichobaki ni mlio wa bati.

Kwa hiyo, mwombe ruhusa kwanza. Tumia programu ya kurekodi yenye WAV, zima kufuta kelele, kaa mbali kidogo na ngoma, jaribu dakika moja na uisikilize. Nusu saa ya WAV ya njia mbili ni kama MB 320, si nyingi. Weka nakala sehemu mbili. Ukitaka kutuma asili yenyewe, itume kama dokumenti. Ya grupu itengenezee MP3 yake. Kutoka WAV utapata MP3 siku yoyote. Kutoka MP3, kilichoachwa njiani hakuna wa kurudi kukichukua.