Umeme ukikatika melini, hasara humfikia hadi mwenye mzigo

Umeme ukikatika, mwenye mashine ya kukoboa mpunga Kasansa, mkoani Katavi, hupoteza saa chache na wateja kadhaa. Mashine husimama palepale ilipo. Meli haina breki. Umeme ukikatika, yenyewe huendelea kwenda.

Wengi hudhani meli hutegemea injini tu. Injini hiyo kubwa huhitaji pampu za umeme za mafuta, oili na maji ya kupooza, na usukani nao husukumwa na pampu za umeme. Jenereta ya dharura hurudisha taa na kusaidia usukani, lakini haina nguvu ya kuiendesha meli.

Ndivyo ilivyokuwa Baltimore, Marekani, usiku wa Machi 26, 2024. Meli ya makontena iitwayo Dali, yenye urefu wa mita 300 hivi, ilikuwa ikitoka bandarini kwenda Sri Lanka. Umeme ulikatika mara mbili ndani ya dakika chache, ikagonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Daraja liliporomoka na mafundi sita waliokuwa wakitengeneza barabara juu yake wakafa. Mwaka 2025 wachunguzi walieleza kuwa chanzo kilikuwa waya mmoja uliolegea. Kibandiko cha kuutambulisha kilivishwa vibaya, hivyo haukuingia sawasawa mahali pake. Waya mmoja, katika meli yenye maelfu ya nyaya!

Kinachomhusu mfanyabiashara kilifuata Aprili 2024, mwenye meli alipotangaza kugawana hasara. Kwa sheria hiyo ya zamani ya bahari, gharama za kuokoa meli na shehena hubebwa na wote wenye mali ndani yake, kila mmoja kwa thamani ya mzigo wake, hata kama haukuguswa. Asiyetoa dhamana hapewi mzigo.

Mkulima anayenunua mfuko wa urea dukani hadaiwi chochote; hilo ni la mwagizaji. Lakini wale wanaochangishana kuagiza pawatila au mashine ya kukoboa kutoka China wamo. Bima ya mizigo ya baharini, hata ya daraja la chini, hulipa mchango huo. Asiye na bima hutoa fedha taslimu.

Wakala aulizwe mapema hati ya bima ina jina la nani na imeandikwa thamani gani. Wanaopenda kushusha thamani ili walipe kidogo wakumbuke kuwa bima nayo italipa sehemu tu ya mchango, na kinachobaki ni chao.